Ukikanyaga breki taa ya nyuma inafifia: kisa cha bodaboda ya Mbagala mwanzo mwisho

Pikipiki yenyewe ni hizi za kawaida za biashara, cc 150, betri volti 12, nyuma imefungwa keria ya chuma na madigadi ya nyuma ilishawahi kukatika ikachomelewa. Dereva wake dogo mmoja anapaki kijiwe cha Mbagala, yuko kwenye mkataba, kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri, kwa hiyo chombo kikilala gereji yeye ndo anayeumia. Kaja na lalamiko moja, taa ya breki haiwaki, lakini nilivyomwambia hebu nielezee taratibu inakuwaje mchana na inakuwaje usiku, maelezo yake yakawa na vitu vitatu ambavyo kama fundi ukivisikiliza vizuri unakuwa ushamaliza nusu ya kazi kabla hujashika spana.

Cha kwanza, usiku akiwasha taa, taa ya nyuma inawaka, nyekundu ipo. Cha pili, akiwa na taa zimewashwa alafu akakanyaga breki, badala ya nyuma kuongezeka mwanga inafifia karibu kuzima. Cha tatu, mchana taa zikiwa zimezimwa, akikanyaga breki nyuma hakuna kitu ila kwenye saa ya spidi kuna mwanga unawaka kwa mbali, akiachia unazima. Hicho cha tatu alikisema kwa aibu kabisa, "fundi sijui kama inahusika", maana waliomtangulia walimwambia hayo ni mambo ya saa tu aachane nayo. Inahusika sana, na bila hicho tungezunguka sana.

Niseme kidogo kwanini hii shida ya kufifia ni mbaya kuliko globu iliyoungua moja kwa moja. Globu ya breki ikiungua, aliye nyuma yako usiku bado anaiona ile nyekundu ndogo, hajui tu kama unasimama. Hii ya kufifia, unapokanyaga breki wewe unapotea machoni pake, yaani muda ule ule unapopunguza mwendo ndo anaacha kukuona. Kwa spidi ya 50 gari inakata karibu mita 14 kwa kila sekunde, dereva wa nyuma akichelewa sekunde moja tu kushtuka hizo mita 14 zishaisha. Barabara ya Kilwa usiku, malori na daladala na bajaji zimebanana, mita 14 hakuna anayekuachia. Huyu dogo alishakoswakoswa na bajaji nyuma, na lile tukio ndo lililomleta, sio trafiki.

Sasa alikopita kabla. Fundi wa kwanza kabadilisha globu. Ikakataa, akaweka globu nyingine akidhani ile mpya ni mbovu. Akaenda kwa mwingine, akabadilishiwa swichi ya breki ya mguu, ikakataa, wakabadilisha na ya mkono. Mwisho kuna mtu kamuuzia globu ya LED, ile isiyo na uzi ndani, na hiyo ikawaka! Taa ya breki ikarudi, dogo akafurahi, wiki chache mbele ikaanza kufifia tena taratibu hadi ikafa kama mwanzo, wakasema LED za siku hizi feki, ikarudishwa globu ya kawaida. Hapo ushaona hela ilivyotoka mfukoni kwa mtu wa hesabu, na hakuna hata mmoja aliyeweka mita ya kupimia umeme kwenye waya.

Ili tuelewane turudi kwenye mfumo wenyewe, ni mdogo tu. Pikipiki nyingi za aina hii globu ya nyuma ni moja ila ndani ina nyuzi mbili, moja wati 5 ya taa ya kawaida ya usiku, nyingine wati 21 ya breki. Imeandikwa P21/5W kwenye kitako. Kwa chini ina vidoti viwili vya kupokea umeme, kimoja cha kila uzi, na kitako chenyewe cha bati ndo kinabeba kurudi kwa nyuzi zote mbili. Kurudi huko ndo athi, njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia waya au fremu. Kwa hiyo umeme wa breki unatoka betri, unapita swichi ya funguo na fyuzi, unafika kwenye swichi za breki, ya mkono na ya mguu, ambazo zimekaa sambamba yani yoyote ikibanwa inapitisha, alafu waya mmoja unaenda nyuma kwenye globu, unapita uzi wa wati 21, unatokea kwenye kitako, unarudi kwa athi. Wati 21 kwa volti 12 ni kama ampea 1.75. Wati 5 ni kama 0.4 tu. Hizi namba mbili zikae kichwani, kisa chote kimelala hapo.

Tukianza na swichi, kuzibadilisha kulikuwa hela ya bure na hata bila mita ungeweza kujua. Swichi ziko mbili, na dalili ni ile ile ukibana ya mkono au ukikanyaga ya mguu. Swichi zote mbili kufa kwa pamoja na kwa namna moja ni kitu cha nadra mno. Alafu kubwa zaidi, ukikanyaga saa ya spidi inawaka. Huo umeme unaowasha saa umetoka wapi? Umetoka kwenye swichi ya breki, kwa sababu usipokanyaga hauwaki. Maana yake swichi inapitisha, fyuzi nzima, na umeme unatoka kwenda nyuma. Shida iko mbele ya swichi, huko kwenye globu au njia ya kurudi.

Kwanini saa iwake sasa. Taa ya usiku ya nyuma, taa ya saa ya spidi na kile kitaa kidogo cha mbele kwenye hii pikipiki vinakula waya mmoja kutoka swichi ya taa. Umeme wa breki ukifika kwenye kitako cha globu ukakuta athi imeziba, unatafuta njia nyingine yoyote ya kurudi, na njia iliyopo ni kupanda kinyume kwenye ule uzi wa wati 5, kutokea kwenye waya wa taa za usiku, kwenda mbele hadi kwenye taa ya saa ambayo ina athi yake nzima huko mbele. Unarudi kwa kuzunguka pikipiki nzima. Ndo maana saa inawaka kwa mbali.

Ila tahadhari, dalili hii ya saa kuwaka ina wahalifu watatu na sio mmoja, ukikurupukia athi moja kwa moja unaweza kukosea. Wa kwanza ni globu isiyo yake, mtu kaweka globu ya uzi mmoja yenye kidoti kimoja kikubwa chini, kikagusa sehemu zote mbili za holda (kile kikombe kinachoshika globu) na kuunganisha waya wa breki na waya wa taa, au globu ya nyuzi mbili ambayo uzi mmoja umekatika ukaangukia mwenzake. Wa pili ni waya wa breki na waya wa taa kuyeyuka vikagusana ndani ya koti, hasa pale unapopita chini ya siti karibu na keria. Wa tatu ndo athi.

Kuwatenganisha ni rahisi. Tulitoa globu kabisa, holda tupu, taa zimezimwa, ufunguo umewashwa, dogo akakanyaga breki. Saa haikuwaka. Ingewaka holda ikiwa tupu ingekuwa waya zimegusana huko njiani, huyo wa pili tukamfuta. Globu nikaiangalia, nyuzi mbili, pini za pembeni moja iko juu kuliko mwenzake kama inavyotakiwa ili isiingie kinyume, nikaiweka kwenye betri moja kwa moja kwa vipande vya waya, uzi mmoja mmoja, zote zikawaka vizuri na kwa mwanga tofauti. Wa kwanza naye kafutika. Kabaki mmoja.

Hapo kuna jamaa alikuwa anaangalia akaleta hoja ambayo naisikia kila siku, "fundi athi haiwezi kuwa mbovu, mbona taa ya nyuma inawaka na inatumia athi hiyo hiyo?" Hoja inaonekana ya maana na nadhani ndo iliyowapoteza wote waliotangulia. Athi mbovu sio lazima iwe imekatika. Ikishika kutu inabaki inapitisha kidogo. Fikiria mlango wa daladala uliobanwa na mizigo, abiria mmoja anashuka bila tatizo, wakitaka kushuka watu wengi kwa pamoja panakwama. Uzi wa wati 5 unataka 0.4 ampea, unapita, unawaka, labda mwanga pungufu ambao bila kuweka pikipiki nyingine pembeni hutaugundua. Uzi wa wati 21 unataka mara nne na zaidi ya hapo, hapo ndo athi inashindwa. Kwa hiyo taa ya usiku kuwaka haithibitishi chochote kuhusu athi ya breki.

Na kwanini inafifia badala ya kubaki kama ilivyo? Kwa sababu breki ikikanyagwa umeme mwingi unarundikana pale kwenye kitako ukikosa pa kutokea, volti ya kitako inapanda, na uzi wa wati 5 unabaki na volti nyingi juu na volti nyingi chini, tofauti inakuwa ndogo, unazima. Ukiliona hili kwa macho usiku, nyekundu inafifia mguu ukiwa kwenye breki, kwa globu za nyuzi sahau globu sahau swichi, nenda kwenye athi.

Mita sasa. Betri injini imezimwa ilisoma volti 12.5. Nikarudisha globu kwenye holda, hii ni muhimu sana, kipimo kifanyike globu ikiwa ndani na breki imekanyagwa, umeme uwe unatembea. Watu wengi wanatoa globu, wanagusa waya na mita, wanasoma volti 12, wanasema umeme upo kila kitu safi. Mita haivuti umeme wowote wa maana, hata waya uliobaki nywele moja utakuonyesha volti 12 kwenye mita. Kwa hiyo globu ndani, breki imekanyagwa, waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri yenyewe. Waya mwekundu wa mita kwenye waya wa breki unaoingia holda, 12.1. Safi, upande wa kwenda hauna deni. Ule mwekundu kwenye kitako cha holda, 8.9. Pale panatakiwa kuwe karibu na sifuri, ukizidi nusu volti anza kuuliza maswali. Sasa 8.9 zimeliwa kati ya holda na betri kwenye njia ya kurudi, globu imebakiziwa kama volti 3, na globu ya volti 12 ukiipa 3 inaonyesha rangi ya kaa tu ndani, nje huoni kitu.

Kuhakikisha zaidi nikachukua waya mrefu, upande mmoja kwenye hasi ya betri upande mwingine nikagusa kitako cha holda breki ikiwa imekanyagwa. Ikawaka nyekundu kali hadi dogo akaruka. Hiki kipimo cha waya mmoja nakipenda kuliko hata mita, mtu yeyote anaweza kufanya, ila hakikisha ule waya unaanzia hasi kweli, ukianzia chanya ukagusa bati umepiga shoti.

Kutafuta ilipo ni kufuata waya wa athi kutoka holda kuelekea mbele. Usitegemee rangi, kila kampuni ina rangi zake na pikipiki ya biashara ishashikwa na mafundi wengi, unakuta waya wowote umeungwa na wowote. Kwenye hii waya wa athi wa nyuma ulikuwa unaishia kwenye kijipete kimefungwa na bolti kwenye bati la madigadi, chini ya keria. Na hapo ndo stori yote ikafunguka. Ile madigadi ilivyokatika ikachomelewa, fundi wa kuchomelea akaipiga rangi nyeusi kote, vizuri kabisa kazi ya macho, alafu pete ya athi ikafungwa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Mwanzoni ilifanya kazi kwa sababu bolti ilipoingia meno yake yalikwangua rangi ukapatikana mguso mdogo wa chuma kwa chuma, taa zikawaka, kila mtu akaridhika. Alafu mvua na tope la tairi la nyuma vikaingia pale pale, kutu ikaanza, mguso ukazidi kupungua mwezi hadi mwezi.

Hapo ndo unaelewa na ile LED. LED ya nyuma inavuta umeme mdogo sana ukilinganisha na wati 21, kwa hiyo athi ile mbovu ilikuwa bado inaitosha. Ilivyozidi kuoza, volti zikashuka hadi hata LED ikashindwa kuwaka. Haikuwa feki, ilificha ugonjwa tu kwa muda. Mimi sipingi LED, tena kwa breki ina faida moja ya kweli, inawaka papo hapo wakati uzi wa globu unachukua kama sehemu ya tano ya sekunde kupata moto, kwa spidi ya 50 hiyo ni karibu mita 3 za bure kwa aliye nyuma, na mtikisiko wa barabara mbovu hauikati kama unavyokata uzi. Ila LED haiwekwi kama dawa ya waya mbovu.

Kurekebisha kulikuwa kwepesi kuliko kutafuta. Tukafungua bolti, tukakwangua rangi na kutu kwa msasa hadi chuma kikang'aa pande zote, kwenye bati na chini ya kichwa cha bolti. Pete ya zamani ilikuwa imeliwa, tukakata waya nyuma kidogo hadi kwenye shaba safi maana ncha ilishakuwa ya kijani, tukaweka pete mpya na washa ya meno (kile kiduara cha bati cha chini ya bolti), tukakaza, alafu ndo tukapaka grisi kwa juu kuzuia maji. Grisi inakuja baada ya kukaza. Na sikuishia hapo, madigadi yenyewe inashikwa na bolti zake kwenye fremu ambazo nazo zina rangi, nikavuta waya mmoja wa ziada kutoka pete ile hadi kwenye bolti ya fremu inaposhikwa hasi ya betri. Waya mfupi, kazi ndogo, na umeme hautegemei tena bati la madigadi.

Tukapima tena kitako cha holda breki imekanyagwa, 0.1. Taa kali.

Ila haikuzima! Dogo katoa mguu, taa ya breki inawaka tu. Kumbe fundi aliyebadilisha swichi ya mguu alivyoona taa haiwaki alidhani swichi haijavutwa vya kutosha, akaipandisha juu hadi springi yake ikawa imevutwa karibu muda wote. Swichi ilikuwa kwenye ukingo, ukiachia pedeli kwa nguvu inakata, ukiachia taratibu inabaki, ndo maana saa ya spidi ilikuwa inazima akiachia, na pale umeme ulipobaki hakuna aliyegundua kwa sababu athi haikuruhusu taa ionekane. Mrekebisho wake unashika mwili wa swichi usizunguke, unazungusha nati peke yake, ukizungusha mwili unasokota waya na kuzikata ndani. Tukaishusha hadi taa ikawa inawaka pedeli ikianza tu kushuka, kabla breki haijashika tairi, na inazima mguu ukitoka hata taratibu. Taa ya breki inayowaka muda wote ni hatari sawa na isiyowaka, aliye nyuma hana namna ya kujua lini unasimama, na betri nayo inaliwa bure.

Mwisho tukajaribu kwa pamoja vitu vyote, sio breki peke yake. Taa zimezimwa, breki ya mkono, alafu ya mguu, macho kwenye saa ya spidi, haiwaki tena. Taa zimewashwa, vilevile, nyekundu inaongezeka haififii. Indiketa ya kushoto na kulia huku breki imebanwa, maana indiketa za nyuma zilikuwa kwenye athi ile ile na yeye alishaona zinapepesa ovyo akidhani ni rilei, kile kifaa kinachozipepesa. Injini imewashwa nikapima na chaji, ilikaa 14.2, sawa, ingepita 15 ningemwambia ndo inayoua globu zake.

Tajiri alipiga simu kuuliza kwanini pikipiki imebadilishwa globu na swichi mara zote hizo na kosa lilikuwa bolti. Nilimjibu kwamba swichi za zamani za dereva zilikuwa nzima, kama bado zipo azitunze kama spea, na siku ikirudi tena kuchomelewa amwambie fundi wa kuchomelea atoe hasi ya betri kwanza kabla ya kuchoma, na pale kwenye bolti ya athi asipake rangi, abandike kipande cha tepu, arudishe pete kwenye chuma kitupu.